Mwanamke wa Roboti na Mjukuu Wangu

Garsen nzima inamsifu. Ukienda sokoni utasikia, ukingoja zamu kwenye mashine ya kusaga utasikia. Yule mwanamke aliyewafunza watoto wetu kutengeneza roboti alikuwa mpole, alikuwa na moyo mweupe, alikuwa hivi, alikuwa vile. Yote ni kweli. Mimi mwenyewe sikuwahi kumwona akimfokea mtoto. Lakini nilimwonea wivu tangu siku nilipomjua mpaka siku alipozikwa, na hata leo nikisikia sifa zake kuna kitu kinanikwaruza hapa kifuani. Sioni kwa nini nifiche. Wivu wangu ulikuwa na sababu.

Mjukuu wangu ni mtoto wa binti yangu wa pekee. Binti yangu alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, nikamlea mimi kwa uji na maziwa ya ng'ombe. Sisi Wagiriama bibi tunamwita hawe, basi nikamfundisha aniite Hawe. Watu waliniambia, "Mwache akuite mama, kwani ana mwingine?" Nikakataa. Mama yake yupo, amelala nyuma ya nyumba. Jina lake sikuweza kulichukua. Niliiacha ile "mama" ikae hivyo hivyo, kama sahani ya chakula iliyofunikwa kwa ajili ya mtu aliyechelewa kurudi.

Na msichana huyo ana akili. Sisemi kwa kuwa ni wangu. Alifungua redio yangu kabla hajajua kufunga vifungo vya gauni lake, na alipoirudisha ikasema vizuri kuliko zamani. Kwa hiyo mwanamke yule alipofungua mahali pake, wangu alikuwa mbele ya wote mlangoni.

Mwanamke mwenyewe alikuwa Msomali, binti wa mwenye duka pale Garsen. Alisoma Mombasa akarudi, akamwomba babake chumba cha nyuma cha kuwekea magunia ya sukari, akakijaza nyaya, betri kuukuu za pikipiki na vidude vidogo vinavyowaka taa. Watoto wakamiminika, Wapokomo, Waorma, wetu, wote mkeka mmoja.

Nilikwenda kumchunguza. Nilimkuta amesimama katikati ya watoto, mikono ameifunga nyuma ya mgongo kama askari. Mjukuu wangu alikuwa anahangaika na skrubu isiyotaka kuingia.

"Mimi sishiki," yule mwanamke akamwambia. "Shika wewe."

"Inateleza, Madam."

"Ikiteleza, shika tena."

Nikasema moyoni, huyu ni mvivu tu. Kumbe ndivyo alivyofundisha. Muulize mtoto yeyote, hakuwahi kumshikia mtu hata waya mmoja. Angekaa hapo mikono nyuma, jasho linamtoka kwa kutamani kusaidia, na hasaidii.

Tabia hiyo ikaletwa nyumbani kwangu. Nikitaka kumtwisha mtoto ndoo, ananikwepa. Siku moja alichomwa na mwiba, nikaketi niutoe.

"Hawe, nipe sindano."

"Mguu huu nimeuosha mimi tangu ukiwa mdogo kama muhogo!"

"Najua, Hawe. Nipe sindano."

Nikampa. Alijichokonoa vibaya, damu ikamtoka, na akafurahi! Angalau kama mwiba ungemshinda, ningepata la kusema.

Lakini hayo ni madogo. Kubwa ni la dungu. Nina shamba la mpunga huku Minjila, pale ambapo mto ukifurika huacha tope zuri. Mpunga ukianza kushika punje, ndege wanashuka kama moshi. Kila msimu mimi na mjukuu wangu tulipanda dunguni, kile kitanda kirefu cha miti, tukapiga makopo, tukarusha madongo, na ndege wakienda zao sisi tunapiga domo. Yote niliyoyajua kumhusu niliyajulia huko juu. Ni nani anamchokoza shuleni, ni nini kinamtisha, anataka kuwa nani. Chini alikuwa mtoto wa kila mtu. Juu ya dungu alikuwa wangu.

Basi msimu mmoja akanishika mkono, akaniambia, "Hawe, magoti yako yanakuuma. Usipande tena. Tumekutengenezea roboti."

Nikafika shambani nikakuta kundi zima la watoto, na yule mwanamke ukingoni, mikono nyuma. Juu ya dungu langu kulikuwa na mti wenye mikono miwili ya bati na jicho dogo linalowaka. Kitu kikipita mbele ya jicho, mikono inazunguka, inapiga kopo. Na mti huo umevaa leso yangu.

"Nani amewapa nguo yangu?"

"Madam aliuliza, ndege wa hapa wanamwogopa nani. Nikasema wewe, Hawe."

Watoto wakaangua kicheko. Ndege wakaja, kopo likalia, ndege wakatawanyika. Jirani yangu akaniambia, "Umebarikiwa, mama, utapumzika." Pumziko gani? Nilisimama chini nikatazama mti uliovaa leso yangu umekaa mahali pangu, na mtoto wangu yuko kando yake, anaukaza skrubu na kuuongelesha.

Kisha mkono mmoja ukakwama. Mtoto akainua kichwa, akaita kwa sauti, "Mama! Njoo uone!"

Na yule mwanamke akaitika, "Naam, mwanangu." Hakushtuka hata kidogo. Hapo nikajua hakuwa anaitwa hivyo kwa mara ya kwanza.

Nyumbani sikuweza kujizuia. "Mama yako ni nani?"

"Hawe, usianze."

"Nakuuliza."

"Wewe ulikataa nikuite hivyo," akasema. "Mimi nimeita nani? Nimeita aliyeitika."

Nilimenya mihogo, mingine nikaimenya mpaka ikabaki vijiti.

Kisha yule mwanamke akaugua. Alikwenda hospitali ya Malindi akitembea kwa miguu yake, akarudishwa ndani ya sanda, na jua halijatua wakamzika, kama ilivyo desturi yao Waislamu. Nilikwenda kutoa pole. Nilimhurumia mama yake, kwa kuwa kuzika binti nakujua. Mjukuu wangu hakulia pale. Tulipofika nyumbani alitandika mkeka uani, akaketi mbele yangu, akainamisha kichwa.

"Hawe, ninyoe."

Kwetu mzazi akifa, mtoto hunyolewa. Mwalimu au jirani akifa, mtu hanyolewi. Na nyumbani kwetu wembe wa matanga naushika mimi.

"Ndugu zake wenyewe hawanyoi," nikamwambia.

"Mimi nanyoa."

"Yule si damu yako."

"Kama hutaki, nipe wembe. Nitajinyoa."

Angejinyoa kweli. Angejikata kila mahali, na maisha yake yote angekumbuka kwamba siku ile nilimnyima. Yule mwanamke amekufa, yuko kaburini, na bado anaweza kunichukulia mtoto. Nikaleta maji, nikamlowesha nywele, zile nene nilizozipaka mafuta ya nazi tangu hajaota meno. Kabla ya wembe kugusa, nyumbani kwetu mfiwa huulizwa.

"Unamnyolea nani?"

"Namnyolea mama yangu."

Mkono wangu ukasimama. Siku ya matanga ya binti yangu nilimnyoa mjukuu wangu akiwa amelala mapajani mwangu, hajui kusema, na swali hilo nililijibu mimi kwa niaba yake. Kwa hiyo alipopata ulimi wa kulijibu mwenyewe, amelijibu kwa mwingine.

"Na mimi nikifa?" nikamuuliza. "Utakuwa na nywele gani za kuninyolea?"

"Zitakuwa zimeota, Hawe."

"Nikifa kesho?"

"Basi usife kesho."

Alikuwa analia na kucheka pamoja, kamasi zinamtiririka mpaka kwenye mkeka. Nikamkamata kichwa nikanyoa chapuchapu, kuanzia utosini mpaka kisogoni, bila kupumzika, ili zianze kuota mapema.