Barua za Norbert Dhidi ya Nyumba Yake

Kila mwezi wa Julai, wanaume wengine wa mtaa walipokuwa wakichoma soseji uani na kugombana kuhusu besiboli, Norbert Gajewski alijifungia jikoni na kuisema vibaya nyumba yake. Aliisema kwa maandishi. Aliiandikia barua ofisi ya kodi ya majengo ya kaunti, akieleza kwa huzuni ya mtu aliyefiwa jinsi kuta zilivyopasuka, jinsi upepo wa Ziwa Erie ulivyopita dirishani bila kubisha hodi, jinsi panya wenyewe walivyohama vuli iliyopita kwenda kutafuta makao yenye heshima. Nia ilikuwa moja tu: kaunti iamini kwamba nyumba ile haina thamani, na kodi ishuke.

Alikuwa na kipaji. Alilijua hilo, na kwa kuwa hakuwa na kipaji kingine chochote, alikitunza. Kazi yake ilikuwa kuendesha gari la manispaa la kuondoa theluji. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, na tumbo lake lilifika kila mahali kabla yake. Pale klabu ya Wapolandi, jirani yake Walt Pruchnik na wengine walimnunulia bia ili awasaidie na wao.

"Norb, nitukanie na yangu basi," Walt alikuwa akimwambia. "Mimi nikiandika naonekana kama nalalamika tu. Wewe ukiandika mtu analia."

Kazi yake kuu aliifanya miaka sita iliyopita. Katika barua ya mwaka ule alidai kwamba nyumba ina vyumba viwili vya kulala, si vitatu, na kaunti ikasema inamtuma mtu kuja kuangalia. Norbert alikuwa na siku mbili. Binti yao Corinne alikuwa ametoka kuolewa na kuhamia Arizona, na chumba chake kilikuwa kitupu. Norbert akapigilia ubao wa plaiwudi dirishani, akang'oa milango ya kabati la ukutani, akajaza humo tairi kuukuu, mti wa Krismasi wa plastiki, na mashine ya kukatia majani iliyokufa. Mkaguzi aliingiza kichwa, akanusa tairi, akaandika: stoo. Kadi ya nyumba katika kumbukumbu za kaunti ikabadilishwa. Vyumba viwili vya kulala, hali duni. Kodi ikashuka dola mia tano kwa mwaka.

Norbert aliutia uamuzi ule kwenye fremu, akautundika chini ya nyumba, katika ukumbi aliojijengea kwa mikono yake pamoja na kaunta ya bia, katikati ya picha ya marehemu baba yake na samaki aliyekaushwa. Kila alipokunywa aliutazama. Wapo wanaotundika shahada.

Mke wake, Arlene, hakuutazama sana. Siku tano za wiki alifanya kazi jikoni kwenye hospitali, na Jumamosi na Jumapili alisimama kutwa nzima nyuma ya mashine ya fedha katika duka la bei nafuu. Magoti yake yalikuwa yamevimba tangu majira ya baridi. Daktari alimwambia asisimame. Arlene alimuuliza daktari kama angependa kumlipia mkopo wa nyumba.

Hapo ndipo benki ilipoleta habari kwa barua. Riba zilikuwa zimeshuka. Kama mthamini angeikadiria nyumba kuwa na thamani ya dola laki moja na elfu sitini, benki ingeufuta mkopo wao wa zamani na kuwapa mpya wenye riba nafuu, na malipo ya mwezi yangepungua kwa dola mia tatu na kumi.

Arlene aliipigia hesabu karatasi ya benki kwa penseli.

"Mia tatu na kumi," alisema. "Norb, hizi ndizo Jumamosi na Jumapili zangu. Ndizo kabisa, ukishatoa kodi na petroli."

"Basi umeacha," Norbert alisema. "Andika barua ya kuacha kazi. Mama yangu we, bado hujaona nyumba ikipambwa."

Akaomba likizo ya wiki tatu. Akapaka rangi ukumbi wa chini, akabadilisha taa, akasugua kaunta ya bia mpaka ikaonyesha uso wake, jambo ambalo halikumfurahisha. Asubuhi ya siku yenyewe Arlene alioka keki ya tufaha ili nyumba inukie mdalasini. Alimwambia mumewe mambo mawili: asiseme sana, na aishushe ile fremu. La kwanza alilijaribu. La pili alilisahau.

Mthamini aliitwa Bi Tillery. Alivaa mifuko ya plastiki juu ya viatu, akashika kidude kilichotema nukta nyekundu ukutani na kusoma umbali. Norbert alimpitisha sebuleni kama mtu anayewahi treni.

"Huku chini ndiko penyewe," alisema. "Karibu, mama, angalia hiyo ngazi ya mwisho."

Bi Tillery alipima ukumbi. "Pazuri," alisema.

"Futi mia sita za mraba hizo!"

"Mia sita kamili. Lakini ziko chini ya ardhi, Bwana Gajewski. Naziandika pembeni. Haziingii kwenye ukubwa wa nyumba."

"Haziingii? Kwani ziko wapi, kwa jirani?"

Bi Tillery alikaribia kucheka. Kisha macho yake yakapanda ukutani, kati ya marehemu na samaki, yakatulia. Alisoma polepole, kama mtu asomaye maelezo ya dawa.

"Hii ni ya nyumba hii hii?"

"Hiyo… ni kama tuzo."

"Ya nini?"

Norbert alimtazama samaki, lakini samaki hakuwa na msaada.

Wakapanda juu. Mwisho wa ujia, Bi Tillery alifungua mlango wa chumba cha Corinne. Harufu ya tairi ikatoka kuwapokea, ikaimeza ile ya mdalasini. Giza. Mti wa Krismasi ulikuwa umeegemea kona kama mlevi.

"Na hiki je?"

Baadaye Norbert alilisimulia tukio hilo klabuni, akijicheka mwenyewe, na kila mara alisema hajui ni nani aliyejibu. Mdomo wa mtu aliyesaini barua kumi na moja ulifunguka peke yake.

"Stoo," alisema. "Stoo tu, mama."

Bi Tillery akaandika.

Ripoti ilifika baada ya siku tisa. Laki moja, elfu arobaini na nane na mia tano. Arlene aliisoma akiwa amesimama, koti bado mwilini.

"Vyumba viwili vya kulala," alisema. "Norb. Sisi tuna vyumba viwili?"

Norbert akahesabu kwa vidole. Alihesabu kweli. Hilo ndilo lililomtisha baadaye: kwamba aliinua kidole kimoja, akainua cha pili, akasita.

"Corinne alilala wapi miaka kumi na tisa?" Arlene aliuliza. "Kwenye tairi?"

Hakupiga kelele zaidi ya hapo. Jumamosi alfajiri alifunga mikanda ya magoti, akatoka kwenda dukani. Norbert alilala macho wazi akimsikiliza akishuka ngazi za mbele, kiupande, ngazi moja, kisha kimya, ngazi nyingine, kisha kimya, kama mtu aliyebeba kabati peke yake. Ngazi zilikuwa tano tu. Hakuwahi kujua kwamba ngazi tano zinaweza kuchukua muda mrefu hivyo.

Benki iliwaruhusu kuandika barua moja ya kupinga makadirio. Norbert akaketi mezani, pale pale anapoketi kila Julai, akanoa penseli. Barua ilikuwa fani yake. Alichotakiwa kufanya ni kugeuza tu.

Arlene aliporudi jioni, sakafu ilikuwa imejaa karatasi zilizokunjwa.

"Nisomee," alisema, akiinua miguu juu ya kiti.

Norbert akakohoa. "'Nyumba yetu ni ya kuridhisha, ukizingatia. Paa halivuji sana…'"

"Ngoja. Halivuji sana?"

"Ndiyo."

"Paa umeliweka jipya mwenyewe mwaka juzi! Ulianguka kutoka juu, ukamwangukia mbwa wa Walt! Halivuji kabisa!"

"Nilitaka kuonyesha unyenyekevu."

"Nyenyekea mbele ya keki, Norb. Nyumba iache."

Akajaribu tena. Kila sentensi ya sifa ilipofika katikati iligeuka na kurudi kwenye nyufa, kama punda anayejua njia ya zizini. Alikuwa amewafundisha watu wa kaunti kuidharau nyumba ile, na katika darasa hilo mwanafunzi aliyeelewa vizuri kuliko wote alikuwa yeye. Alipita mbele ya mlango wa Corinne kila siku kwenda bafuni. Miaka sita hakuugusa.

Jumapili, Arlene akiwa dukani, alichukua mtaimbo akaingia. Alitoa tairi, akautoa mti, akaitoa mashine. Kisha akaanza kung'oa misumari ya plaiwudi. Ilikuwa arobaini na mmoja. Mtu anayeziba dirisha kwa ajili ya kimbunga hutumia kumi.

Ubao ulipoanguka, mwanga uliingia chumbani kwa nguvu hata akafumba macho. Rangi ya zambarau ambayo Corinne aliing'ang'ania akiwa na miaka kumi na miwili ilikuwa bado inapiga kelele. Na nje ya kioo, kati ya paa la Walt na bomba la moshi la nyumba ya pili, ziwa. Kipande chake tu, chembamba kama mkanda wa suruali, rangi ya kijivu, na povu jeupe likipita.

Alikuwa amelisahau. Majira ya baridi, Corinne alikuwa akiamka kabla ya wote na kusimama dirishani hapa kwa ajili ya baba yake, maana ziwa likiwa wazi huitupia pwani theluji usiku kucha, na likiganda huacha. Siku moja ya Januari au Februari ingesikika sauti yake nyumba nzima: "Baba, limeganda! Lala!" Naye, dereva wa gari la theluji, alirudi kitandani na kulala usingizi ambao hajaupata tena.

Alikaa sakafuni na mtaimbo mapajani. Kwa dola mia tano kwa mwaka, aliwaza, nimelifunika ziwa.

Barua ya benki aliiandika usiku ule kwa mistari saba, bila 'ingawa' hata moja. Benki ikakubali kumrudisha mthamini, kwa gharama yake yenyewe, ila kwa sharti: kadi ya kaunti na nyumba viseme kitu kimoja. Kwa hiyo Norbert akavaa shati la kanisani, akaenda mjini, kwenye kaunta ya ofisi ileile ya kodi.

Karani, Bi Fay, alimwona akiingia.

"Gajewski. Sasa ni Novemba. Umewahi au umechelewa?"

"Nina rufaa."

"Haya. Nini kimeanguka safari hii?"

"Hakuna. Nyumba imeongezeka."

Bi Fay akavua miwani. "Sema tena."

"Ina vyumba vitatu vya kulala. Siku zote ilikuwa navyo. Na hali yake si duni. Hali yake ni…" Akalegeza kola ya shati la kanisani. "Nzuri."

"Niko kwenye kaunta hii miaka ishirini na miwili," Bi Fay alisema polepole, "na hajawahi kuja mtu hapa kuomba apandishiwe. Unaumwa?"

"Anaumwa mke wangu. Magoti."

Bi Fay akaenda nyuma na kurudi na faili nene kama mto wa kulalia. "Unajua barua yako ya panya tumeibandika kwenye chumba cha chai? Wafanyakazi wapya wote tunawasomesha." Akalamba kidole, akafunua kurasa. "Kodi itarudi ilipokuwa. Na kuna ya nyuma utakayodaiwa kwa huo ujanja wako. Unalijua hilo?"

"Nalijua. Weka."

Akasaini. Ilikuwa barua yake fupi kuliko zote.

Bi Tillery alirudi Alhamisi. Arlene alikuwa amemkatia mumewe kipande kikubwa cha keki na kumwamuru akiweke mdomoni chote, asitafune haraka. Mthamini alipofika mwisho wa ujia, alifungua mlango, akasimama.

"Chumba cha kulala," Norbert alisema kupitia keki.

Nukta nyekundu ikagusa ukuta wa zambarau, ikagusa ukuta wa pili. Vipimo vilikuwa vimekwisha, lakini Bi Tillery alibaki dirishani dakika moja zaidi ya iliyohitajika. Akaandika.

Laki moja, elfu sitini na moja. Elfu moja juu ya kiwango cha benki. Klabuni Walt alisema ile elfu moja ni ya rangi ya zambarau. Norbert alisema ni ya keki. Alipopiga hesabu ya kodi iliyorudi na ya nyuma aliyodaiwa, aliona kwamba kipaji chake cha miaka kumi na moja kilikuwa kimemwingizia, kwa jumla, fremu moja. Ilikuwa bado pale ukutani. Aliiacha, ili samaki asikae peke yake. Ile kodi ya juu aliilipa kwa zamu za ziada za theluji, na bia alikunywa kidogo. Jumamosi na Jumapili za Arlene, aliyekwisha kuacha duka, hazikuguswa.

Julai ikafika. Jumamosi asubuhi, Arlene alikuwa juu katika chumba cha Corinne, kwenye kiti cha dirishani, miguu juu ya stuli, akitazama mkanda wake wa ziwa. Chini, Norbert alikuwa mezani jikoni na rundo la fomu za wanaume wa klabu.

"Norb!" sauti ilishuka ngazi. "Unaandika nini?"

"Ya Walt. Nimefika kwenye gereji, inainama."

"Inainama kweli?"

"Kiasi."

"Na yetu je?"

Norbert aliinua macho. Bomba la sinki lilikuwa likidondosha tone, likakusanya jingine, likalidondosha nalo. Sentensi nzima ya barua ilimjia kichwani, nzuri, yenye huzuni, imekamilika mpaka nukta. Aliinuka kwa ncha za vidole, akachukua sponji, akaiweka chini ya tone ili lisisikike.

"Yetu?" alisema. "Yetu haina neno."