Kadi ya shukrani iliyosahihishwa

Leo Jumatano, na naapa nawaambia yote, hata ya aibu.

Mwalimu wa ushauri nasaha alituagiza tumwandikie kadi ya shukrani mtu wa shuleni asiyesifiwa. Anasema shukrani huchangamsha shule nzima.

Nikamchagua Mwalimu Selemani wa hesabu, ambaye sijamwona akicheka tangu kidato cha kwanza.
"Shikamoo mwalimu. Asante kwa uvumilivu wako."
Jina sikuweka.

Saa nne akaniita ofisini. Kumbe anaujua mwandiko wangu.
Kadi ilikuwa mezani, ina wino mwekundu. Sita kwa kumi.
Jamani, amesahihisha shukrani.

"Uvumilivu upi, binti? Au unanidhihaki? Onyesha njia."

Nikajibu, "Ulinieleza hesabu moja mara nne, mwalimu, na kengele ya uji ilishalia."

Akakata sita, akaandika tisa. Kisha akaitia kadi kwenye mfuko wa shati.
"Naipeleka nyumbani, Rasbura. Kule hawaamini kama nina uvumilivu."

Akacheka. Kidogo tu, lakini meno niliyaona.

Sasa nijibuni kabla ya kesho: ile alama moja niidai, au nimwache kwanza afurahi?