Chuo Kilichomrudishia Arlene Chuma Chake

Arlene Sobczak haamini mtu kirahisi. Kwa miaka ishirini na miwili ameendesha basi la shule katika vilima vya kaskazini mwa Pennsylvania, na watoto wamemdanganya kwa kila namna, wazazi wao wakazidi. Kwa hiyo alipoamua, akiwa na miaka arobaini na tisa, kusomea ufundi wa bunduki kwa njia ya masafa, alianza kwa kuvihesabu vyuo vyote kuwa vya matapeli, kisha akaviachia vijitetee vyenyewe.

Alichokuwa akikitaka ni benchi la kazi la mzee Emory Haas. Mzee Emory ndiye fundi bunduki pekee huku kwetu, na alikuwa ametangaza kwamba msimu wa kuwinda kulungu ukiisha anafunga karakana, maana mikono imemkataa. Arlene amekulia mle, tangu siku za kumshikia mzee taa akiwa bado hajafikia urefu wa benchi. Alilitamani benchi lile kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote, marehemu mumewe akiwemo. Mzee alimwambia ni lake iwapo atasoma, tena asome kweli, kwa sababu yeye hana tena pumzi ya kumfundisha mtu kuanzia sifuri. Vyuo vya kuhudhuria viko mbali, na mama yake Arlene amepooza upande mmoja, haachiki. Ikabaki kusoma kwa posta.

Sasa, kusoma kwa posta kuna sifa yake kwetu, na aliyeileta sifa hiyo ni Duane, binamu yake. Duane alipata cheti cha fundi bunduki kwa wiki sita, akakitundika sebuleni kwenye fremu ya rangi ya dhahabu, akaifungua bunduki ya jirani na kuifunga. Jirani sasa anatazama besiboli kwa jicho moja. Cheti bado kiko ukutani, na sisi wengine tukisikia mtu kasoma kwa posta tunaficha bunduki zetu.

Arlene alikitega chuo cha kwanza kwa swali. Alisema ana bunduki ya babu yake, ile ya mitutu ya chuma cha kusokotwa. Je, aitilie risasi za siku hizi? Bwana mmoja mwenye sauti ya asali akamjibu kwamba hakuna shida kabisa, halafu akamkumbusha kuwa punguzo la ada linaisha leo. Arlene akakata simu bila kuaga. Bunduki ya namna ile huwa inatundikwa ukutani. Ukiifyatua kwa risasi za leo, inaweza kukupasukia mkononi.

Chuo cha pili kilimtia wasiwasi wa aina nyingine. Mwanamke aliyepokea simu, Thelma Rusk, alilijibu swali la bunduki kwa neno moja, "Usithubutu," kisha hakukisifia chuo hata kidogo. Alimwagiza Arlene achukue kipande cha chuma, akichonge kwa tupa na mkono, bila mashine, hadi kiwe mchemraba, pande zote sita zimenyooka, akitume. Wakiridhika watampa fomu. Na hata akipokewa, lazima awe na fundi wa karibu wa kumsimamia, kwa sababu kuna mambo hayafundishiki kwa barua.

Machale yakamcheza. Chuo gani hicho kinachokimbia wanafunzi? Akaomba majina ya waliohitimu, akawapigia watatu, kila mmoja na jimbo lake. Wote walinung'unika kuhusu ule mchemraba. Mmoja mpaka leo anautumia wake kuzuia mlango usijifunge. Arlene akawaza kwamba matapeli hawawezi kupanga manung'uniko yakalingana hivyo. Halafu akawaza kwamba labda wanaweza. Mwisho akachukua tupa.

Alichonga wiki mbili, kati ya kupeleka watoto asubuhi na kuwarudisha mchana, mpaka viganja vikaota sugu. Pande tano zilinyooka. Upande wa tatu ulimshinda: kila akiupima dirishani kwa skwea, kile kipimo cha pembe mraba, mwanga ulipenya pembeni. Siku ya mwisho uvumilivu ukamwishia. Akachukua msasa, akausugua upande ule mpaka ukang'aa na kosa likajificha. Mzee Emory alipoletewa mchemraba aukague, aliugeuza, akauinua dirishani, akakawia nao.

"Peleka," akasema.

Arlene hakuupenda mkato wa sauti ile, lakini alipeleka.

Kifurushi kilirudi baada ya wiki tatu, akakifungulia karakanani mbele ya mzee. Fomu haikuwamo. Kilikuwamo kile chuma, upande wa tatu umepigwa alama nyekundu, pamoja na barua fupi ya Thelma: "Pande tano ni za mtu mwenye mkono wa ufundi. Wa tatu umeupiga msasa ukidhani hatutaona. Mtu atakayekuletea bunduki ataiweka shavuni akiifyatua. Chonga upya."

Uso ulimwaka kwa aibu. Alimwona Duane na fremu yake kama wamesimama naye palepale. Mzee aliisoma barua mara mbili, akatabasamu.

"Kumbe ulijua," Arlene akasema.

"Dakika ileile, binti. Hata kipofu angejua."

"Ukaniacha nikajiaibishe, mzee?"

"Wewe sikuwa na haja ya kukupima, nakujua, una papara kama marehemu baba yako. Nilikuwa nawapima wao. Wangekutumia fomu, kesho yake ningefunga mlango huu."

Kisha akasukuma vikorokoro vyake upande mmoja wa benchi, akampa tupa yake mwenyewe, yenye mpini uliochakaa. Arlene aliikagua kwanza, maana hata ya mzee hakuiamini, halafu akakibana chuma kwenye jiliwa, upande wa tatu juu. Alipoanza kuchonga, mzee Emory alisogea karibu, akamshikia taa.