Mtamba wa Jirani Yangu

Juzi nilimsindikiza jirani yangu kutoka Iguguno hadi Singida mjini, kwa kijana anayeuza hisa za kampuni inayotafuta dhahabu. Mwaka jana jirani aliuza mtamba wake, ng'ombe ambaye hajazaa bado, akanunua hisa. Tangu hapo akawa anapita mlangoni kwangu kama mke wa mkuu wa wilaya, na mimi wivu ukaninyima usingizi.

"Shikamoo bibi," kijana akasema.

"Marahaba. Nimefuata gawio langu."

Kijana akajikuna shingo. "Bibi, kampuni bado inatafuta. Haijachimba, haina faida. Sera yake ni kutotoa gawio kwa sasa. Kila shilingi inarudi kwenye utafiti."

Jirani akafikiri, akajifunga kanga upya. "Kumbe bado ni mtamba. Basi nitamkamuaje?"

Moyoni nilicheka mpaka nikaona haya. Jioni nikampelekea maziwa ya ng'ombe wangu. Akanywa, akafuta midomo.

"Matamu, mwenzangu. Ila ngoja uje uonje ya kwangu."

Wanangu, maziwa ninayo mimi, na wivu bado ninao mimi.