Baba alikataa chakula chetu miezi minne, mpaka nilipoleta kikapu cha mama

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Leo mnivumilie. Uzi ni mrefu kidogo na hauna mapenzi wala siasa, ni mambo ya jikoni tu. Kila kitu hapa kimetokea nyumbani kwangu, na mke wangu amesoma kabla sijapost, kwa hivyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi.

Mimi ni mtu wa Ishiara, Mmbeere kabisa, lakini kazi imeniweka Meru town. Nauza kwa agrovet, duka la mbegu na dawa za mifugo. Mke wangu Purity ni wa Kianjai, ni mwalimu wa primary. Tuna mtoto mmoja, msichana wa Grade 3, anaitwa Marigu. Hilo ni jina la mama yangu, maana kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya upande wa baba.

Mama alitutoka mwaka jana.

Mzee akabaki peke yake na mbuzi wake. Nikamuacha huko wiki chache, nikaona haiwezekani. Nikauza mbuzi wawili, wengine nikamwachia dada yangu, nikamleta mzee Meru.

Sasa wacha niwaambie ukweli kuhusu jinsi tulivyokuwa tunakula kabla ya mzee kuja. Purity anatoka asubuhi na mapema, mimi pia. Jioni kila mtu amechoka kama punda. Kwa hivyo ilikuwa ni chapo ya kununua, smokies zile soseji za barabarani, chips za pale stage, na siku tukijitahidi ni ugali na mayai. Mboga ilikuwa ya Jumapili. Marigu alikuwa anatoka shule saa tisa na nusu, anajijaza na crisps na juice ya pakiti, halafu jioni anasema ameshiba. Tulijua si vizuri. Kila mwaka mpya tulikuwa tunasema tutabadilika.

Mzee alipofika tukajikaza, maana huwezi kumpa mzee wa miaka sabini na tano smokie.

Purity akaanza kuamka saa kumi na nusu alfajiri kupika lunch ya mzee. Wali na ndengu (choroko), ama viazi na minji (njegere), vizuri kabisa. Anaweka kwa hotpot kishike joto, anaweka sahani na kijiko kando, anamwelekeza. Mzee anasema, "Asante sana, mwalimu." Huwa anamwita hivyo kwa heshima.

Tukirudi jioni, hotpot iko vile ilivyoachwa.

Mara ameonja vijiko viwili. Mara hajafungua kabisa. Ukimuuliza anasema alikuwa ameshiba chai ya asubuhi. Usiku anakula kidogo kwa sababu tunamwangalia.

Tukabadilisha. Tukaacha chakula kwa fridge, tukamfundisha microwave. Akajifunza vizuri, hata akawa anampashia Marigu maziwa, lakini chakula chake hakupasha. Tukatafuta mama mmoja jirani awe anakuja saa saba kumpikia chakula moto. Siku mbili za kwanza akala kwa adabu. Siku ya tatu akamwambia yule mama asijisumbue, aende akapumzike.

Nilimpeleka akapimwa. Sukari sawa, presha sawa, tumbo sawa. Daktari akanivuta kando akaniambia mzee hana ugonjwa, ila kilo zinaisha na kwa umri wake hizo hazirudi kirahisi. Ale. Hiyo ndiyo dawa aliyoandikiwa.

Mshipi wake ulikuwa umeisha matundu. Siku moja nikamkuta nyuma ya nyumba ametafuta msumari, anautoboa tundu jipya. Akaniona, akacheka kidogo, akasema ngozi ya siku hizi inanyooka. Nilienda bafu nikafungulia maji, nikanawa uso mpaka ikapita.

Halafu dada yangu akapiga simu. Alikuwa ameona picha ya mzee kwa WhatsApp. Akaniuliza, "Nyaga, huyo mke wako kweli anampikia baba?"

Simu ilikuwa kwa loudspeaker. Purity alikuwa anakata sukuma pale pale.

Alingoja nikate simu. Halafu akaweka kisu chini. "Baba Marigu, mimi naamka saa kumi na nusu kupika chakula ya kumwaga. Miezi minne. Na bado kwenu nitaitwa mke mwenye aliua mzee na njaa." Hakuwa anapayuka, na hapo ndipo nilijua amefika mwisho.

Jumamosi iliyofuata nilienda Ishiara kuangalia nyumba.

Wakuu, usiombe kuingia jiko la mtu aliyekufa. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Mwiko umening'inia. Mkebe wa chumvi. Nilikuwa sijalia hata siku ya mazishi, kwa sababu nilikuwa mwanaume wa kupanga tenti na viti, na nilidhani imepita hivyo.

Pale kona nikaona kikapu. Kuku alikuwa amekifanya maternity, mayai saba ndani.

Wale mnaojua mnajua, ni ile fireless. Kikundi chao cha kina mama walifundishwa kutengeneza zamani. Ni kikapu kikubwa, ndani kimepangwa vipande vya blanketi mpaka kikaacha shimo la kutoshea sufuria, na juu unafunika na mto. Unachemsha chakula kwa moto kidogo, unakiingiza humo kikiwa bado kinatokota, unafunika, unaenda zako. Kinajipika na joto lake.

Cha mama kilikuwa na blanketi la kijivu, na katikati sweta yangu ya high school. Nilikuwa nimesahau kabisa ile sweta. Alikuwa ameishona pale na uzi mweusi.

Nikakumbuka maisha yetu yote. Mama alikuwa anachemsha githeri ya mahindi na maharagwe ama nthoroko, yaani kunde kavu, jua likichomoza. Anaingiza kwa kikapu, anashika jembe, anaenda shamba la mbali kule chini. Mzee anachunga mbuzi karibu. Saa saba anarudi, anafungua kikapu mwenyewe, anakula. Mama alikuwa harudi mpaka saa kumi.

Sisi watoto tulikatazwa kukigusa. Alikuwa anasema, "Anayefungua anaibia chakula joto." Na alikuwa anajua ukifungua, usiniulize vipi.

Basi nikasimama pale, mkono juu ya hiyo sweta, nikafikiria. Mzee amekula lunch peke yake maisha yake yote. Kwa hivyo upweke wa mchana si mgeni kwake. Shida haikuwa kukaa peke yake, labda alichokosa ni hiki kikapu.

Nikaomba kuku msamaha, nikahamisha mayai, nikafua vile vitambaa, nikavianika juani siku nzima. Nikarudi nacho Meru Jumapili. Purity aliponiona mlangoni akasema, "Umeniletea kiota?" Nikamwambia anipe wiki moja tu, alale mpaka saa kumi na mbili, hiyo lunch ni yangu.

Mzee alikisogelea kikapu. Alipapasa tu ule mto wa juu.

Jumatatu nikapika mimi. Na nikaharibu.

Niliweka maharagwe kidogo kwa sufuria kubwa. Nikachemsha kama dakika kumi nikaona inatosha. Nikaingiza. Halafu kabla ya kutoka, mimi na Marigu tukafungua tuone kama kweli inaendelea kutokota. Marigu akataka kuona tena. Tukafungua tena.

Saa saba na dakika kumi simu yangu ikalia dukani. Ni mzee. Tangu aje Meru hajawahi kunipigia simu hata mara moja.

"Nyaga, mlifungua hii kitu."

Nikajaribu kukataa. Mzee akasema, "Maharagwe inalia kama kokoto. Mama yako hakuwa anafungua. Na hakuwa anapika ya nusu sufuria, hiyo hewa yote unataka ipashwe na nani?" Akanigombeza kama dakika tano, kwa Kimbeere, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mazishi. Wateja wawili walikuwa wanangoja dawa ya kuku. Nikawaacha wangoje, maana kugombezwa kulikuwa kunaniingia kama uji moto.

Alikuwa amefungua, wakuu. Kwa mkono wake, na akaonja.

Jumanne alfajiri alikuwa jikoni kabla yangu, na koti lake, ameketi kwa stuli. Huyu ni mwanaume ambaye hajawahi kuwasha jiko. Lakini miaka zaidi ya arobaini alikuwa amekaa akimwangalia mama, na kumbe alikuwa amehifadhi kila kitu. Akawa anatoa amri na mimi natii.

Nitawaandikia vile alivyonifundisha, kwa wale ambao kazi haiwapi nafasi. Nafaka uiloweke tangu usiku, na yale maji uyamwage. Sufuria ijae, na iwe na kifuniko cha kubana. Ndengu chemsha dakika ishirini. Kunde nusu saa. Maharagwe na githeri usikimbie, zitokote kwa nguvu karibu saa nzima, maana maharagwe mabichi yatawalaza wote hospitali. Kitunguu, nyanya na karoti ziingie mwisho, mafuta kijiko kimoja. Kutoka motoni mpaka kwa kikapu usisimame hata kusalimia mtu. Halafu mikono mbali. Na kama ukifungua ukute chakula ni vuguvugu, rudisha motoni kichemke kabla ya kula.

Ukiamka saa kumi na moja na nusu, unaoga wakati inachemka, na sukuma ama terere, yaani mchicha, unakata jioni ukipiga stori. Hakuna siri ingine.

Siku hiyo ya Jumanne mzee alikula. Jumatano akala. Purity akachungulia sufuria jioni akanipigia nikiwa njiani, akasema, "Ameosha hata sahani."

Lakini kitu kimoja kilinisumbua. Mzee alikuwa anakula nusu. Yeye mwenyewe alituambia, hakuficha. Ukimwambia aongeze anasema yake imetosha. Na sufuria tukirudi saa kumi na mbili ilikuwa tupu. Nikafikiri anamwaga kwa adabu, ili tusijisikie vibaya.

Wiki ya pili, siku ya Alhamisi, stima ilipotea mjini, tukafunga duka mapema. Nilifika nyumbani saa kumi.

Nikamkuta Marigu kwa meza, bado na uniform, sahani ya githeri mbele yake, anakula kama mtu aliyetoka kulima. Crisps hakuna. Mzee ameketi upande ule mwingine, mikono juu ya fimbo, anamwangalia.

Nikamuuliza Marigu hiyo ni ya nani.

"Ni ya mtu wa shamba," akasema, mdomo umejaa. "Guka huwa anaiacha kwa blanketi." Guka ni mzee, yaani babu yake.

Nikamwangalia mzee. Nilikuwa naogopa akili imeanza kumtoka, kusema kweli.

Akaiona hiyo hofu.

"Mimi si mgonjwa wa kichwa, Nyaga," akasema polepole. "Najua hatakuja. Nilimzika mimi." Akageuza fimbo mikononi. "Lakini mimi nimezoea kula nusu, nusu ingine ni ya mwenye atarudi na njaa. Ile chakula ya hotpot mlikuwa mnaniwekea ya mtu mmoja. Sahani moja, kijiko moja. Nikifungua, naona nimebaki peke yangu."

Halafu akaelekeza fimbo kwa Marigu. "Na huyu si ana jina lake? Anarudi na njaa. Akule."

Wakuu, nililia. Nililia mbele ya baba yangu na mtoto wangu, mtu mzima wa miaka arobaini na mbili na dust coat ya agrovet. Nilimkosa mama yangu kwa nguvu ambayo sikujua ninayo. Yale maji ya bafu, yale mambo ya tenti, yote yalitoka pale.

Mzee hakuninyamazisha. Aliniambia tu, "Chukua kijiko, iko ya kutosha."

Nikakaa karibu na Marigu tukala kwa sahani moja. Githeri ilikuwa bado moto.

Hiyo ni miezi mitano iliyopita. Mzee amerudi tundu la zamani la mshipi. Dada yangu alikuja kutembea, akakula, akamwomba Purity msamaha mwenyewe bila kuambiwa. Purity ameshona kikapu cha pili cha wali.

Nilichojifunza si mambo ya afya peke yake. Tulidhani mzee anakataa chakula chetu. Hatukuwa tumemuuliza alikuwa anakula na nani.

Sasa na nyinyi semeni. Kwenu nani alikuwa anawekewa fungu lake, na saa hii nani analikula? Na kama kuna mama yako bado anakupigia simu kuuliza umekula nini leo, mjibu yeye kwanza ndio ucomment.

Mimi nilibadilishana lunch break na mwenzangu. Yeye anaenda saa saba, mimi naenda saa kumi kasorobo. Saa hii ni saa tisa na nusu, kwa hivyo nikichelewa kuwajibu msikasirike. Naenda nyumbani kabla Marigu hajamaliza yote.