Mgeni Aliyeweka Finjani Chini

Kabla hujaanza kunicheka, nakwambia mapema: sinywi kilevi, sitafuni kitu, na madaktari wameshanipima wakaniona mzima wa afya. Haya nnayokuhadithia yamenifika mie mwenyewe, nyumbani kwangu hapa Khuwair ya Kusini, tena mchana kweupe, jua la Maskati linawaka na kiyoyozi kinanguruma. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka, shauri yako. Lakini nisikilize mpaka mwisho, maana yanaweza kukufika na weye.

Mie ni mtu wa silaha kuukuu. Kuna wenye maradhi ya magari, kuna wenye maradhi ya ngamia wa mashindano, na maradhi yangu mie ni hayo. Nna kabati la chuma chumbani, lina kufuli, na kila kilichomo kina rukhsa ya serikali. Mke wangu Zuwena analiita kabati hilo mke mwenzake.

Sasa, wakusanyaji tuko namna mbili. Kuna matajiri. Hao wanataka bastola iliyokamilika, nambari zote zinafanana, rangi ya kiwandani ipo, hata ala yake ya ngozi ipo, kisha wanaiweka kwenye kioo wasiipige hata risasi moja. Na kuna sie wa mshahara. Sie tunatafuta ile waliyoikataa wao, iliyokwanguka, iliyobadilishwa mpini, lakini mtutu wake ndani unang'aa na bado inapiga. Unaichukua kwa bei ya kuvumilika, unakwenda nayo uwanja wa shabaha, unaipiga kwelikweli. Raha yake huijui mpaka uionje.

Nilikuta moja ya namna hiyo Darsait, kwa bwana mmoja anaitwa Khalfan, ana duka dogo la majambia na bunduki za zamani. Bastola ya kijeshi, ya enzi za Waingereza, ile ya kigurudumu cha risasi sita. Mpini wake upande mmoja ulichongwa upya na mtu asiyejua kuchonga, na chuma kimechakaa mpaka kimekuwa kijivu. Nikautazama mtutu kwenye mwanga wa dirisha: safi. Nikakizungusha kigurudumu: kinakaa pahala pake, hakichezi. Nikauliza bei, Bwana Khalfan akanitajia, nikadhani anatania.

"Mbona rahisi hivi, Bwana Khalfan?"

"Kwani wataka nikuongezee?"

"Ina kasoro gani?"

"Ya kupiga, haina," akasema, akainama kutafuta kitambaa cha kuifungia.

Mtu mwenye akili angeuliza kasoro nyengine ni ipi. Lakini wewe ushapenda kitu ukakumbuka kuuliza? Tukamaliza mambo ya karatasi, nikaipeleka uwanjani, na wallahi ilipiga vizuri kuliko nilivyotarajia. Nilirudi nyumbani nafurahi kama mtoto wa siku ya Idi.

Hapa lazima nikujulishe kwa mama yangu, maana kisa chote ni chake. Mama kazaliwa Unguja, akaja Oman nami nikiwa mgongoni. Sasa ni mtu mzima sana, na macho yamemzimika kabisa. Anaishi nasi, chumba chake kinatazamana na majlisi ya kupokelea wageni, na mlango wake haufungwi. Kutwa anasema. Atakuhadithia harusi za Mji Mkongwe, atamkosoa Zuwena mchuzi, ataniita kwa jambo na ataniita bila jambo. "Mwanangu! Upo?" "Nipo, mama." "Haya." Basi, ndiyo kwisha. Wakati mwengine nilikuwa nikichoka, sikufichi. Lakini ukiniuliza nyumbani ni wapi, ningekwambia ni pale inaposikika sauti ile.

Na jambo jengine, nikwambie ili usione nilifanya upumbavu tu. Sie tuliotoka Unguja, hata tukae hapa umri mzima, wapo watakaotwambia hatuujui Uarabu. Kazini kwangu walikuwa wakinitania kila siku: "Nyie si ndio mnaotia sukari kwenye kahawa?" Nikicheka nao, lakini ndani ikiniuma. Kwa hiyo mila za kupokea mgeni nikajifunza zote, nikazishika kuliko wao waliozaliwa nazo. Mgeni haulizwi alilojia mpaka ale tende, mpaka anywe. Finjani haijazwi mpaka juu. Na kuna hii moja kubwa: mgeni mwenye haja nzito akimiminiwa kahawa, hainywi. Anaiweka finjani chini, mbele yake, anasema nna haja. Mwenye nyumba muungwana humwambia, "Kunywa, haja yako imekubaliwa," bila ya kuuliza ni haja gani. Siku hizi imebaki kwenye posa tu, na huko kila mtu anajua mapema kilichomleta mgeni, ni maonyesho tu. Mie nilikuwa naisubiri siku nifanyiwe kweli, nimwoneshe mtu uungwana wangu.

Basi siku ile baada ya sala ya alasiri niko majlisini, nimetandika gazeti, nasafisha bastola. Zuwena katoka, kenda kwa dada yake. Mlangoni nikasikia, "Hodi!" Hodi hiyo, Maskati! Nikafurahi, nikajua ni mtu wetu. Nikafungua, nikaona mzee wa kanzu nyeupe, kavaa kilemba cha zamani, kasimama juani.

"Karibu, ami, karibu ndani," nikamwambia, na sikumjua.

Akaingia, akakaa kwenye mkeka akiacha matakia. Nikamletea tende na dele la kahawa. Mambo mawili niliyaona, yakanipita. La kwanza, hari ya siku ile ilikuwa inamtoa mtu jasho kabla hajafika kwenye gari lake, na yule mzee shingo yake ilikuwa kavu. La pili, nilipokuwa nasema, hakunitazama machoni. Alikuwa ananitazama midomo.

Nikammiminia kahawa. Akaipokea kwa mkono wa kulia, akaitazama, akaiweka chini mbele yake taratibu.

"Nna haja, mwanangu," akasema. Kiswahili cha wazee wa Unguja hasa, ambacho siku hizi hukisikii.

Moyo ukanidunda kwa furaha! Ndiyo, kwa furaha, nicheke tu. Nikajiweka sawa, nikatia mkono kifuani. "Kunywa, ami. Haja yako imekubaliwa."

Kule chumbani mama akaita, "Mwanangu, wasema na nani? Mbona nakusikia wewe tu?"

Hilo nalo nililisikia, na badala ya kushtuka nikadhani mama alikuwa kasinzia tu, hakusikia vizuri. Mzee kainua finjani, kanywa funda moja, kaitikisa kuonesha katosheka. Kisha akatazama bastola iliyokuwa juu ya gazeti.

"Hiyo ilikuwa yangu," akasema. "Nimewaendea wote walioishika. Wote waliniuliza kwanza."

Nikamsogezea gazeti na bastola juu yake. "Unataka nini, ami? Hiyo bastola? Chukua."

"Chuma cha nini? Nataka sauti ya mama yako." Alisema kwa upole, kama mtu anayeomba maji. "Ya mama yangu sikuisikia mara ya mwisho. Hiyo bastola ilikuwa ishaniua masikio kwa kishindo chake. Nilikuwa naondoka na wenzangu, akaniita mlangoni, nikaona midomo tu. Sijui alisema nini. Tangu siku hiyo nataka kumsikia mama wa mtu, yeyote, akimwita mwanawe."

"Hapana! Ami, hapana, chukua bastola, chukua kila kitu, hilo sikukusudia…"

"Nshakunywa," akasema.

Ningefanya nini? Niambie wewe. Ningempiga? Ningemtoa nje mgeni niliyempa ahadi? Nilitazama mlangoni, mama keshatoka chumbani kwa kupapasa ukuta, kasimama kizingitini mwa majlisi, na midomo yake inakwenda. Inakwenda, na mie sisikii. Kiyoyozi nakisikia. Gari njiani nalisikia. Finjani ikigonga sahani naisikia. Nilipogeuka, mzee kainamisha kichwa upande, kafumba macho, machozi yanamtoka na anacheka. Nikamkimbilia mama, nikamshika mabega, nikamwambia, "Mama, sema! Sema tena!" Akasema. Niliona meno yake mawili yaliyobaki, niliuona ulimi. Nyuma yangu majlisini hapakuwa na mtu tena. Finjani ilikuwapo, tupu.

Zuwena aliporudi nikamwambia kila kitu. Akadhani homa. Tukajaribu: nikageukia ukuta, yeye akamwambia mama, "Bi mkubwa, hebu mwite mwanao." Nikangoja. Aliponigusa bega nikamwuliza, "Ameita?" Zuwena akaanza kulia. "Ameita mara tatu, Baba Nasra." Nikafungua simu, nimejaza huko sauti alizonitumia mama nikiwa safarini, Zuwena akimshikia simu. Za watu wote zinasikika. Za mama, mstari unakwenda na simu iko kimya.

Madaktari walinifungia chumba, wakanivisha vitu masikioni, nikasikia kila mlio wa mashine. Masikio ya kijana, mmoja akaniambia, kanipa mkono.

Nikarudi Darsait mbio. Bwana Khalfan alinisikiliza hata chai yake ikapoa. "Alikuja kwako?" akasema. "Kwangu alikuja pia. Nikamwuliza, unataka nini, mzee? Akanambia. Nikamwambia hilo haliwezekani, na bastola nikaiweka dukani. Akanyanyuka akenda zake bila ugomvi. Sikukwambia kwa sababu nilimwona hana madhara. Bwana wee, siku hizi nani anampa mtu haja bila ya kumwuliza?"

Nani? Mie. Mie niliyetaka kuwa Mwarabu kuliko Waarabu.

Kisha likanijia wazo ambalo mpaka leo linanitesa. Mila ile ile iliyonifunga ingeweza kunifungua. Mgeni ndiye mwenye haki ya kuweka finjani chini. Basi ningekwenda kwake niwe mgeni mie, nikaweke finjani, nikaseme nna haja! Lakini kwake wapi? Bwana Khalfan aliinunua bastola kwa mtu wa Qantab, na mtu huyo anachojua ni kuwa mwenyewe wa kwanza, askari mmoja, alizikwa hapo hapo kijijini. Nikenda. Unayajua makaburi yetu: mawe tu, hayana majina, hili sawa na lile. Nikakaa katikati yao na chupa ya kahawa, nikajimiminia, nikaiweka finjani mchangani. "Ami, nna haja," nikasema kwa sauti. Ikapoa. Nikamwaga, nikamimina nyengine, nikasogea kwenye mawe mengine. Mvuvi mmoja alipita, akanitazama kwa huruma, akanisalimia kama anavyosalimiwa mwenda wazimu. Nimekwenda mara nyingi tangu siku hiyo. Hajaniambia mtu ninywe.

Bastola iko kabatini. Sijaipiga tena, na kuiuza naogopa.

Sasa nikwambie kibaya zaidi. Mama hatuwezi kumficha. Zuwena alimwambia, "Bi mkubwa, mwanao masikio yanamsumbua." Lakini mama ni kipofu, hana kazi ila kusikiliza. Anansikia nikizungumza na simu, nikimjibu Zuwena, nikimwitikia mtu wa gesi anapopiga kengele. Atakubali vipi kuwa sisikii? Zuwena hunitafsiria akiwapo, na siku moja akanijia jikoni uso umemvimba. "Mama ananiuliza amekukosea nini," akasema. "Anasema kama ni kwa sababu anasema sana, ataacha."

Na kweli, ameanza kuacha. Namwona. Midomo inafunguka, kisha anaifunga mwenyewe.

Wiki hii hali yake haikuwa nzuri. Juzi asubuhi Zuwena alikuwa dukani, mie nimekaa kitandani kwa mama namlisha uji. Akakiondosha kijiko. Akanishika uso kwa mikono yake miwili, akanipapasa mpaka akahakikisha ni mie, akasema. Akasema muda mrefu. Hakuwa analalamika, niliona hivyo, alikuwa na jambo. Alinyamaza pahala akameza mate, akaendelea, akatabasamu kidogo, kisha akanyamaza akangoja jibu. Hapakuwa na mtu nyumba nzima wa kunambia. Nimwambie sema tena, Zuwena akirudi? Ningemvunja moyo kabisa.

Nikamwambia, "Ndiyo, mama."

Akaniachia uso, akajilaza, akaonekana katulia. Zuwena aliporudi alimwuliza kwa upole, bi mkubwa mlizungumza nini? Mama kajibu, "Hayo ni yangu na mwanangu, na mwanangu ashanikubalia." Sijui nimekubali nini. Namwomba Mungu isiwe wasia.

Basi nakuonya, wewe unayesikiliza. Uungwana ni kitu kizuri, sikatai. Lakini mgeni akiweka finjani chini kwako, mwulize kwanza anataka nini. Watu watakucheka, watasema hujui mila. Waache wacheke. Utakuwa unawasikia wote.