Siku Pikapu ya Baba Ilipopigiwa Msaragambo

Enzi zetu gari likipanda mlima kwa mara ya kwanza, hata kuku walijua. Mlio wake tulianza kuusikia likiwa bado huko chini Maore kwenye joto, ukapotea kwenye kona, ukarudi, ukapotea tena, na sisi watoto tumeshajipanga ukingoni mwa barabara roho juu. Nyinyi mliokulia milimani Upare mnanielewa. Hawa watoto wetu wa siku hizi, wanaotaja aina ya gari kwa kuona taa zake tu, hawawezi kujua raha ya kukimbia nyuma ya gari ukivuta moshi wake kana kwamba ni harufu ya pilau.

Magari yetu wenyewe yalikuwa ya waya, matairi ya ndala zilizokatika, usukani wa mti mrefu mpaka kiunoni. Tuliyaendesha kutoka shuleni hadi kwenye ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, midomo ikinguruma mpaka mate yanaruka. Likikuharibikia unakaa chini unalitengeneza, na mwenzako hakupiti hivi hivi. Anachuchumaa, anakushikia waya, anakukosoa bila kuombwa. Hakuna aliyetufundisha hivyo. Tuliwaona wakubwa.

Kwa maana kijijini kwetu kazi nzito haikuwa ya mtu mmoja, ilikuwa ya msaragambo. Jioni pembe inalia, sauti inapita kilima hadi kilima kutangaza kwamba kesho ni mfereji, au kesho ni barabara, au kesho ni paa la mjane fulani, na asubuhi kila nyumba imetoa mtu na jembe lake. Msimamizi alikuwa Mzee Mrutu, jirani yetu, mrefu, mkavu, na fimbo yake ya kupimia haimtoki mkononi. Anapima mfereji kwa fimbo, anamgawia kila mtu fungu lake. Ukimaliza anakuja kukagua. Akisema "limepita," limepita, hakuna mwingine wa kuligusa. Fungu lako likirudiwa na mtu mwingine, hiyo ni aibu. Utatozwa faini ya jogoo na utataniwa mpaka mavuno yajayo. Na Mpare bwana, mchokoze kwa lolote, lakini usimwambie kazi yake haikupita. Atauza ng'ombe aendeshe kesi ya huyo jogoo mmoja.

Sasa, Baba hakuwa tajiri. Alilima kahawa na tangawizi kama wengine wote. Pikapu aliinunua kwa sababu ya machela.

Miaka miwili kabla ya hapo Mama alishikwa na uchungu, na hospitali iko chini tambarare. Wanaume wakambeba kwa machela kwenye ile njia ya mawe. Mvua ikawakuta katikati. Mdogo wangu alizaliwa kando ya njia chini ya turubai, na hakulia. Nilikuwa nyumbani, nikawaona wanarudi polepole, nikajua. Basi Mama alipopata ujauzito tena, na muuguzi wa zahanati akamwambia wazi kwamba huyu lazima azaliwe hospitali, Baba aliuza ng'ombe wake wote, akashuka Maore, akarudi na pikapu ya kijani iliyobeba mpunga na vitunguu vya watu tangu sijui lini. Ya mkono wa tatu, labda wa nne. Mwenyewe hakujua hata kuendesha.

Aliyeipandisha alikuwa Fundi Kassimu, Mngoni wa Songea. Aliletwa kijana kwenye mashamba ya mkonge, akatengeneza matrekta mpaka akaota mvi, akaoa Maore akabaki huko huko. Walipatana na Baba akae kwetu mpaka Mama ajifungue, yeye ndiye ampeleke. Nakumbuka alivyoshuka kwenye ile pikapu, akajifuta jasho, akaizunguka mara mbili akiipiga mateke matairi.

"Baba Elisante," alimwambia Baba, "hii imepanda kwa rehema za Mungu tu. Kushuka na mama mjamzito, hapana. Mpaka niifungue yote, niikague. Peke yangu, wiki nzima."

Wiki nzima tutaitoa wapi? Tumbo la Mama lilikuwa limeshashuka. Basi Baba akafanya ambalo Mpare yeyote angefanya. Jumamosi jua lilipozama, Sabato ikiisha, akaenda kwa Mzee Mrutu, na pembe ikalia. Jumapili asubuhi wanaume kumi na wanane walikuwa wamesimama uani kwetu. Wengine walikuja na majembe, mazoea hayana dawa.

Mzee Mrutu aliizunguka pikapu. Kisha akainama, akaipima kwa fimbo. Ndiyo jamani, aliipima! Kutoka bampa mpaka bampa, kama mfereji. Akaanza kugawa mafungu: watatu injini, wawili rejeta na mipira yake, mmoja betri na nyaya, wengine bodi na viti, na kila tairi na breki yake likapata mtu wake. Tairi la mbele kushoto alilichukua yeye. Fundi Kassimu alifungua mdomo aseme neno, Baba akamminya mkono. Mgeni akaelewa. Akapita kwa kila mmoja akimwelekeza: fungua hivi, safisha hapa, piga msasa, paka grisi, kaza hapa.

Weee, siku ile! Uani kulinuka mafuta ya taa mpaka maharage yakapata ladha yake. Sisi watoto tulipewa makarai ya kuoshea nati na bolti, na mimi nikapewa plagi nne nizisugue kwa brashi ya waya, nikajiona mhandisi. Wazee wenye suruali za kanisani walikuwa wamelala chini ya gari, miguu tu inaonekana, na kutoka huko chini mtu anamsuta mwenzake kwamba hata jembe lake huwa halina mpini wa maana, itakuwa spana? Kicheko chake kinatoka uvunguni. Mama alipika makande ya sufuria kubwa na chai ya tangawizi inayochoma koo. Wawili watatu wasio Wasabato waliulizia dengelua kwa sauti ya chini, pombe ile ya miwa, Baba akajifanya masikio yamejaa grisi.

Kufika saa nane kila kitu kilikuwa kimerudi mahali pake. Mzee Mrutu akapita na fimbo yake, akigonga fungu moja moja. "Limepita. Limepita." Lake pia alilipitisha mwenyewe, tena kwa sauti kubwa zaidi. Tukaisukuma pikapu mpaka uwanja wa shule kwenda kuijaribu, kijiji kizima nyuma.

Fundi Kassimu akaiwasha. Ikawaka safi, watu wakapiga makofi. Akaipeleka taratibu, akaongeza mwendo kidogo, akakanyaga breki. Lahaula! Pikapu ikageuka kushoto kama mbuzi aliyeona majani ya jirani, ikaenda moja kwa moja kwenye goli, nguzo ikaanguka.

Hakuna aliyecheka. Kila mtu pale alikuwa anaijua ile barabara ya kushuka, na kwamba korongo liko kushoto mwanzo mpaka mwisho.

Fundi alishuka akajilaza chini, akachungulia kila tairi, akainuka anajipangusa. "Breki zote nne nzima," alisema. "Kila mmoja kafanya kazi nzuri. Ila kila mmoja kakaza yake kwa nguvu zake. Hii ya mbele kushoto imekazwa kuliko zote, inashika kabla ya wenzake. Nipeni mimi zote nne nizisawazishe."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kusawazisha maana yake ni kurudia fungu lililopita. Mzee Mrutu akasimama mbele ya tairi lake akalizuia kwa fimbo. Yeye, msimamizi, fungu lake lirudiwe mbele ya watoto? Thubutu! Akasema fundi mwenyewe amesema kazi ni nzuri, sasa kosa liko wapi? Basi hao watatu waliolegeza ndio wakaze wafanane na yeye. Wale watatu nao wakaja juu: nani kalegeza? Si wewe uliyetupitishia? Mara limetajwa baraza, mara ametajwa jogoo, mara imefufuliwa kesi ya mpaka ya mababu zao. Wengine walishaanza kuokota makoti yao waende zao. Baba alisimama katikati, mikono imejaa mafuta, anawatazama mmoja mmoja. Nilimwona. Angeweza kumwamuru nani? Hawa walikuja kwa hiari yao, na jua lilikuwa linashuka.

Mama ndiye aliyesogea. Alikuja polepole, mkono mmoja kiunoni, akasimama mbele ya Mzee Mrutu.

"Shikamoo, shemeji," alisema, ingawa asubuhi alishamwamkia.

"Marahaba."

"Siku ile mliponibeba, wewe ulishika mbele kushoto. Unakumbuka? Una miguu mirefu, ukawa unavuta machela, nikawa naserereka. Mwenzako wa nyuma akakwambia upunguze hatua. Ukapunguza. Hukumuuliza fungu ni la nani." Akaweka mkono tumboni. "Mimi ndiye nitakayepanda hapa, shemeji. Mimi na huyu."

Mzee Mrutu akaiondoa fimbo kwenye tairi. Ni yeye aliyekuwa amemfunika yule mdogo wangu kwa koti lake siku ile. Hayo niliyajua nilipokuwa mkubwa. Hatimaye akamnyooshea fundi spana.

"Haya, fungua. Lakini langu lifunguliwe la mwisho."

Mpare ni Mpare.

Fundi Kassimu akainua gari kwa jeki na magogo, matairi yote manne juu. Akatuita sisi watoto, mmoja kila tairi. Tunalizungusha kwa nguvu, tunahesabu kwa sauti mpaka lisimame, yeye anakaza hapa, analegeza pale. "Tena!" Tunazungusha tena. Na wale wazee, ambao dakika chache nyuma walikuwa wanakaribia kushikana mashati, sasa wanahesabu pamoja nasi kama darasa la kwanza. Jua lilipogusa milima, matairi manne yalikuwa yanasimama karibu pamoja. Akaijaribu tena uwanjani. Ikasimama imenyooka.

Siku ya nne, tukiwa tunakunywa uji, Mama akaweka kikombe chini akashika meza. Tukatandika godoro nyuma ya pikapu. Baba akapanda naye, mimi nikajipenyeza pembeni, na Mzee Mrutu akaja mbio hajaalikwa, amekumbatia mawe mawili makubwa ya kuzuia tairi. Tulishuka ndani ya ukungu. Kila kona fundi akikanyaga breki, Mzee Mrutu anafumba macho, na kila kona pikapu ilisimama sawasawa, haikwenda kushoto wala kulia. Mama aliniambia niache kumtazama kwa uso ule, bado hajafa. Saa sita mchana tulikuwa hospitali. Kabla ya jioni tulimsikia analia mtoto, upande wa pili wa ukuta. Baba akakaa chini kwenye sakafu ya korido akalia kuliko mtoto. Walimwita Nakundwa.

Wengi wao wametangulia sasa: Baba, Mama, Fundi Kassimu, Mzee Mrutu pia. Mimi nimeshuka mlima, nakaa Same mjini, kwenye upepo na vumbi letu, nyumba ina ukuta na geti kama za wenzangu.

Mwezi uliopita Nakundwa alikuja kunitembelea na gari alilonunua. Alilichagua kwenye simu, likaletwa kwa meli, limetumika lakini linang'aa utadhani halijawahi kukanyaga tope. Nikamwambia, mdogo wangu, lazima tulikague kabla hujapanda nalo mlimani. Akanionyesha karatasi: limeshakaguliwa huko huko lilikotoka. Nikalipandisha jeki hivyo hivyo. Nilifungua tairi moja moja, nikapima pedi za breki, nikamwaga oili, nikabadilisha filta, kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Geti nililiacha wazi makusudi. Jirani wa mkono wa kulia alipita na gari lake, akanipigia honi ya salamu, akaendelea. Wa mkono wa kushoto naye hivyo hivyo. Watu wazuri kabisa, sina ugomvi nao. Kijana wa nyumba ya mbele alisimama getini nikafurahi, kumbe anataka kujua kama mtandao unasumbua na kwangu.

Nakundwa akatoka na kikombe cha chai, akanikuta nimelala chini ya gari, napapasa chini nikitafuta spana namba kumi na nne niliyoiweka mbali na mkono.

"Kaka, umri huu unajitesa," alisema. "Si ungelipeleka kwa fundi tu?"

Nikamwambia nakaribia kumaliza. Ningemwambia nini kingine? Kwamba kabla hajazaliwa, wanaume kumi na wanane waligombana karibu kupigana juu ya breki ili yeye afike salama, na leo gari lake mwenyewe limekosa hata mtu mmoja wa kunisogezea spana?